Matuta Tuliyosawazisha kwa Jembe Letu

Shefu wa avenyu alikuja kuchukua beseni yangu Jumatatu asubuhi. Alikuwa na babaume babili ba komite ya salongo. Alisimama mulangoni, akafungua kaye yake ya majina, akasema jina la nyumba yetu liko kwenye liste: Jumamosi mbili hakuna mutu wetu aliyeonekana kwenye kazi ya pamoja. Kwetu mwenye kukosa salongo anatozwa kitu cha nyumbani, jembe, sufuria ao kiti, na kile kitu kinakaa kwa shefu mpaka ufanye kazi uliyokosa. Siyo sheria niliyoisikia siku ile. Mwaka mumoja mbele ya hapo nilicheka pamoja na bengine wakati jirani yangu alibebewa kiti chake, akakifuata barabarani akiuliza kama sasa bibi yake atakalia jiwe.

Beseni ilikuwa kwenye jua, mbele ya jikoni. Ndani mulikuwa bande za kufunga mguu wa mutoto wangu. Nilizitoa hospitali alfajiri ili nizifue, nizianike, nizirudishe mbele ya munganga kupita. Mutoto alikuwa na siku kumi na tatu kitandani. Mguu wa kuume ulivunjika pahali pabili na nyama ikapasuka. Ulivunjwa na kamyo, kwenye barabara ile ile iliyotengenezwa na salongo.

Nilimuambia shefu: "Papa shefu, tangu ile siku niko hospitali. Wewe mwenyewe ulifika pale, ukamuletea mutoto ndizi."

Alikubali. Alisema anasikitika sana, mais liste ni liste, na akiruka nyumba moja leo, Jumamosi avenyu nzima itakuwa na mugonjwa. Halafu akainama, akamwaga maji. Bande zikaanguka kwenye udongo.

Hapo ndipo nilichoka kabisa. Nilikamata beseni upande mumoja, yeye akaivuta upande mwingine, tukavutana mbele ya batu kama batoto banaogombania mupira.

"Muliniharibia mutoto," nilisema, "sasa munakuja kuchukua na chombo cha kumufulia bande."

"Siyo sisi, mama. Ni kamyo."

"Na kamyo ilipita juu ya nini? Ilishuka na mabawa?"

Mumoja wa komite alisema kama bangenipa mimi bunduki, vita ingekuwa imeisha zamani. Alicheka peke yake. Shefu alinipita nguvu, akaenda na beseni. Niliokota bande moja moja, nikazifua upya kwenye sufuria ya bugali.

Sasa nieleze hiyo barabara, sababu mwenye hajafika kwetu atafikiri ni kamyo tu na bahati mbaya.

Avenyu yetu iko upande wa Vulamba, kwenye muteremuko. Butembo ni muji wa vilima: nyumba moja inakaa juu, ya pili chini yake, na mvua ikinyesha maji yanatafuta mulango wa mutu. Njo maana bazee ba pale, mbele mimi sijaolewa, balijenga matuta ya udongo na mawe yaliyokata barabara, moja kila nyumba tano ao sita, ili maji yageuke pembeni na kuingia kwenye mufereji. Hawakufikiria magari. Mais gari ikifika kwenye tuta ilipaswa kutambaa, ao iache vyuma vyake pale. Batu ba muguu na ba kinga, baiskeli za muzigo, tulijua hivyo bila kuambiwa. Batoto balicheza katikati, bamama balianika mihogo pembeni, na mume wangu alishusha kinga yake yenye muzigo, akiinyanyua kidogo nyuma kwenye kila tuta.

Mume wangu anakula kwa kinga. Anapeleka viazi na vitunguu vya poro mpaka Beni, anarudi na mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Siku moja ya kwenda, siku moja ya kurudi, kwenye kupanda anaisukuma, kwenye kushuka anakaa juu ya fremu na kusali.

Ilikuwa miaka ya vita. Kinshasa tuliisikia redioni tu. Kwetu baliamuru bengine benye bunduki, na kila mukubwa mupya aliyeingia alianza kwa kutengenezesha tampo yake ya kupigia karatasi. Barabara haikuwa kazi ya yeyote kati yao. Mais batu ba Butembo tuna kiburi chetu: hatungojei serikali. Daraja likianguka bacommerçant, benye maduka, banalisimamisha, nyumba ya masomo ikibomoka bazazi banaijenga. Tunajisifu sana juu ya hiyo. Na mimi nilijisifu.

Kwenye barabara kubwa basoda ba vita baliweka bariere ya kufunga njia. Kila kamyo iliyotoka Kasindi na kupitia Beni ilisimamishwa pale, muzigo unashushwa, unaangaliwa, unapandishwa umepungua. Bashofere balitafuta njia ya kuzunguka, bakaona avenyu yetu: inaanza mbele ya bariere, inatokea nyuma yake. Kitu kilichobazuia kilikuwa matuta.

Basi shefu alipita nyumba kwa nyumba na neno la biro ya kartie, mutaa wote. Jumamosi kutakuwa salongo kubwa, kila nyumba ilete jembe ao beleshi. Alisema avenyu yenye kupitwa na makamyo inakua, itapata maduka, labda siku moja hata mwangaza wa umeme. Hakutufokea, hakuna soda aliyetusimamia. Tulitoka bote. Mimi nilisawazisha tuta la mbele ya nyumba yangu na jembe langu, na mutoto wangu, wakati huo mwenye miaka nane, alibeba udongo kwenye sahani ya zamani akiumwaga pembeni. Mwisho balituletea kasiksi, pombe ya ndizi, bamama tukapewa kwanza, tukaimba. Nilisimama kule juu nikaangalia barabara ilivyonyooka mpaka chini. Niseme ukweli: nilifurahi.

Wiki ya kwanza mume wangu alisifu kazi yetu. Wiki ya pili makamyo yalianza. Mwanzoni tulihesabu, halafu tukaacha. Mihogo tuliondoa pembeni, sababu ya vumbi. Kuku tulifunga. Mwenye kinga mumoja, mutu wa Lubero, alisukumwa kwenye mufereji na magunia yake yote, akatoka na meno mabili mukononi, na batu bakamuambia ashukuru Mungu. Kwetu mutu akiponea tunamuambia ashukuru Mungu, mambo yanaishia pale. Nami nilimuambia hivyo hivyo. Batoto tulibafundisha kujibandika kwenye lupango, ua wa majani, bakisikia kamyo. Kila mama alifundisha bake: ukisikia mungurumo, simama, weka mugongo kwenye majani.

Ukisikia. Hatukujua kwamba bashofere banashuka bila moteri. Mazutu, mafuta ya moteri, ilikuwa kitu cha kutafuta kwa taabu siku hizo, na muteremuko wetu ni murefu, donc shofere akifika juu alizima moteri, akaiachilia kamyo ishuke na uzito wake. Zamani hangeweza, matuta yangemusimamisha katikati. Sisi njo tulimuwezesha.

Mutoto alikuwa anarudi masomo saa sita, na benzake babili. Mvua ilikuwa imepita, mufereji umejaa, bakatembea ukingoni. Kamyo ilishuka nyuma yao kimya. Ubao wa pembeni wa ile kamyo ulimupiga mugongoni, akaanguka, gurudumu la nyuma likapita kwenye mguu.

Bashofere bengi hapa banakimbia, banaogopa batu batabaua. Huyu hakukimbia. Kamyo ilimupeleka mpaka chini kabisa, brake bila moteri haina nguvu, halafu akarudi mbio akipanda, amevua kandambili. Alikuwa kijana, analia kunishinda. Alimubeba mutoto yeye mwenyewe mpaka kwenye kamyo, akatupeleka hospitali, na njia yote alinipigia magoti kwa maneno. Sikuwa na hasira naye, hasira ilikuwa haijafika bado. Nilikuwa nashika mguu ili usicheze.

Siku ya nane, baba mukwe wangu alipanda pikapu na mume wangu, bakaenda Beni kumuona mwenye kamyo. Kwetu mambo kama haya yanamalizwa na babaume kwenye kyaghanda, pahali pao pa moto na maneno: upande huu unasema, upande ule unasikia, mutu anatoa mbuzi, mbuzi inaliwa pamoja, halafu hakuna tena kesi. Mwenye kamyo aliwapokea vizuri. Aliwapa viti, akasema mutoto ni wa kila mutu, akatoa mbuzi moja na kitenge cha mama. Balirudi na mbuzi nyuma ya pikapu.

Baba mukwe alinikuta hospitali, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba imeisha vizuri, bila maneno mabaya. Mimi naheshimu baba mukwe wangu. Ni mutu aliyenipokea na mikono mibili wakati bengine balisema nimesoma mingi kuzidi mume. Mais siku ile nilimujibu.

"Tata, mbuzi ilikuja na miguu yake mine. Mutoto wangu atarudi na mingapi?"

Alisema kesi inaharibu batu, na huyu mucommerçant ana nguvu, na ni vita. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilikataa kupika mbuzi. Balimupa shemeji yangu aichunge, na batu bakaanza kusema bibi huyu ni mugumu.

Hivyo ndivyo mambo yalikuwa siku shefu alipokuja kwa beseni. Kamyo ilikuwa inapita bado. Siku zote kumi na tatu makamyo hayakukosa hata siku moja, na batoto benzake na mutoto wangu balipita pale pale asubuhi na saa sita. Munganga alikuwa amesema mutoto ataweza kutembea. Atembee kwenda wapi? Masomo ni moja na njia ni moja.

Niliweka bande kwenye jua, nikajifunga kitenge, nikaenda biro ya kartie, ile inayoamuru mashefu ba avenyu.

Ndani kulikuwa sekretere nyuma ya meza na soda mumoja kwenye banki ya mbao, bunduki kwenye magoti. Nilisema nimekuja kushitaki. Sekretere alikuwa mutu wa adabu, alikamata bic yake aandike.

"Unashitaki nani, mama? Shofere?"

Nilisema shofere mbuzi ilishamalizia kesi yake. Akauliza kama ni mwenye kamyo. Nikasema yeye pia ni mbuzi hiyo hiyo. Akauliza kama ni shefu. Nikafikiri kidogo juu ya beseni, nilitamani sana kusema ndiyo. Mais shefu alipitisha neno tu, sisi njo tulikamata majembe.

"Andika salongo," nilimuambia.

"Salongo siyo mutu."

"Salongo ni batu ba avenyu."

"Bote?"

"Bote. Na mimi uniandike wa kwanza."

Aliweka bic chini. Aliniangalia kama mutu anayetafuta kama nimekunywa. Akasema kwa upole kwamba tangu akae kwenye ile kiti amepokea mume anashitaki bibi, bibi anashitaki mbuzi ya jirani, hata mutu mumoja alishitaki mvua, mais mutu kujishitaki mwenyewe hajaona.

"Na nikikufunga wewe, mama, nani atakuletea chakula? Si ni wewe tena?"

Soda alicheka mpaka bunduki ikatikisika. Aliniambia kwa Lingala yake, "Vanda, mama," akasogea nikae. Nilikaa. Nilieleza kwamba sitaki mutu afungwe. Nataka matuta. Barabara ilisawazishwa kwa neno la biro, basi biro itoe neno ingine, kwa karatasi, yenye tampo, juu mimi nikienda peke yangu na jembe, kesho nitaambiwa ninaharibu kazi ya batu bote, na bacommerçant batatuma basoda. Yule soda alitingisha kichwa, akasema ni kweli, batatumwa.

Sekretere alisema maneno ya mudomo hayaingii kwenye dossier. Lazima barua, kwa Kifaransa, kopi tatu, saini yangu na ya mume. Nilimuuliza bamama basiosoma banafanyaje. Akasema banavumilia.

Niliandika hospitali, kwenye ukingo wa kitanda, mchana, juu ya kaye ya mutoto. Nilimaliza masomo ya sekondari na Kifaransa changu siyo kibaya, mais miaka ya kuosha sufuria ilikuwa imekilaza. Mutoto aliuliza naandikia nani. Nilimuambia naandika mambo ya ile siku, na anisaidie nisidanganye. Nilimuuliza alikuwa upande gani, alitembea mbele ao nyuma. Alijibu kila kitu kama mbele ya mwalimu. Halafu akasema neno ambalo hakuna mutu mukubwa aliyekuwa amemuuliza.

"Haikulia, mama. Mulituambia tukisikia tusimame. Mimi nilingoja isikike."

Niliyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Hakunilaumu, alikuwa anataka nijue tu kwamba alitii.

Mume wangu alirudi kutoka Beni siku ya pili yake, miguu imejaa matope, na dumu mbili za mafuta nyuma. Nilimupa barua asome. Yeye ni mutu wa maneno machache, anasoma polepole na kidole. Nilijua baba yake ameshamaliza maneno na mwenye kamyo, na kutia saini ni kumuaibisha baba. Alisoma mara mbili. Aliniuliza kwa nini sikuandika kwamba hata yeye alisawazisha. Nikasema nimeandika juu yangu. "Ongeza," alisema. Niliongeza, akatia saini, akaenda kumuambia baba yake yeye mwenyewe, na siku hiyo hakula kwao.

Kopi tatu nilizipeleka Ijumaa. Sekretere alizisoma, akatafuta kosa la Kifaransa, akapata mawili, akasahihisha na bic nyekundu. Halafu akapiga tampo. Niliiandika kwa Kifaransa, hapa naiweka kwa Swahili ya kanisa, ile tuliyofundishwa kuandikia wakubwa.

*Kwa Mkubwa wa kartie.*

*Kuhusu: mashtaka juu ya matuta yaliyoondolewa katika avenyu yetu.*

*Mheshimiwa,*

*Mimi niliyetia saini hapa chini, mke na mama, mkaaji wa avenyu hii tangu nilipoolewa, ninaleta mashtaka yafuatayo.*

*Katika salongo iliyoamriwa na biro yako, wakaaji wa avenyu waliondoa matuta yote yaliyokuwa yanakata barabara. Mimi niliondoa la mbele ya nyumba yangu. Mume wangu aliondoa lile linalofuata. Hakuna aliyetulazimisha. Hatukuuliza watoto watapita wapi, na biro haikutuuliza.*

*Tangu siku hiyo makamyo yanashuka kwa mbio, na mengi yanashuka moteri ikiwa imezimwa. Mwenye kinga mmoja alitupwa kwenye mfereji. Binti yangu, mwanafunzi, alikanyagwa mguu saa sita mchana, akitembea ukingoni kama alivyofundishwa. Hakuisikia kamyo kwa sababu haikuwa na sauti. Ninaomba jambo hili liandikwe, maana watu wanasema watoto wetu hawana masikio.*

*Simshtaki shofere, wala mwenye kamyo, ambaye familia ya mume wangu imekwisha kuzungumza naye. Ninashtaki kazi tuliyoifanya wote, na ninajihesabu kati ya walioifanya.*

*Ninaomba mambo manne. Kwanza, biro iamuru kwa maandishi salongo ya kurudisha matuta yote pahali pake, na mtu yeyote asiyaondoe bila wakaaji kukutanishwa, wanawake wakiwemo. Pili, upande wa juu wa barabara, mbali na mfereji, itengwe njia ya watu wa miguu na wa kinga, izuiwe kwa mawe makubwa ambayo kamyo haiwezi kupanda. Sisi wenyewe tutayabeba. Tatu, kamyo yoyote isishuke kwetu moteri ikiwa imezimwa, na saa ambazo watoto wanaenda masomo na kurudi, isipite kabisa. Nne, mtu anayeuguza hospitali asihesabiwe kuwa amekosa salongo.*

*Nimeambiwa kwamba wakati huu ni wa vita na kwamba kuna mambo makubwa kuliko haya. Ninajua. Watoto wetu wanalala na viatu, tayari kukimbia, kwa sababu ya vita. Lakini aliyemkanyaga binti yangu hakuwa adui, na barabara hiyo haikutengenezwa na adui.*

*Ninaomba nijibiwe kwa maandishi. Mganga anasema mtoto atatembea kabla ya masomo kufunguliwa tena mwezi wa tisa. Hakuna njia nyingine ya kufika masomo isipokuwa hiyo.*